Nani Kasema Kutalii ni Kazi ya Mgeni?

Ndugu msomaji, niruhusu nianze na aibu yangu mwenyewe, maana anayetaka kuwasema wenzake sharti ajiseme kwanza.

Mwaka jana, alasiri moja, nilikuwa kijiweni Bweri, si mbali na stendi, tunabishana habari za mpira kama kawaida yetu. Likaja gari moja refu, limefungwa hema juu ya paa, ubavuni limejaa tope la safari. Ndani alikuwamo mzungu mtu mzima na mkewe. Hapakuwa na dereva wa kukodi wala mwongozaji. Mzee mwenyewe ndiye kashika usukani. Akateremsha kioo, akatusalimia kwa Kiswahili cha kitabuni, kisha akauliza: "Samahani, ni wapi pazuri pa kuliona ziwa?"

Tulikuwa vijana sita, wote tumezaliwa Musoma, wote tumeyanywa maji ya ziwa hilo toka siku ya kwanza. Mmoja akasema Mwigobero. Mwingine akamkata: Mwigobero ni kivukoni, utampeleka mgeni akatazame watu wanavyosukumana? Wa tatu akasema Makoko. Akaulizwa Makoko sehemu gani, akajikuna kichwa. Mimi, ninayejiita mwandishi, nikanyoosha mkono kuelekea mjini nikasema, "Nenda tu mbele, utaliona." Kama mtu anayeelekeza choo!

Mzee akashukuru. Akasema wanatoka Uskoti, kwao ziwa huitwa loch, na wana likizo ya wiki tatu wanazunguka wenyewe: milima, ziwa, visiwa, halafu Serengeti. Kisha kwa adabu kabisa akauliza, "Na ninyi, mkipata likizo mnakwenda wapi?"

Tukacheka. Tukacheka kweli kweli, gari likaondoka tungali tunacheka. Kicheko kile ndicho ninachokiandikia leo, kwa sababu usiku sikupata usingizi. Kwani tulicheka nini?

Wako watakaonijibu upesi: "Sisi Waafrika hatuna utamaduni wa kutalii." Uongo mtupu. Njoo stendi ya Bweri alfajiri uone. Mabasi yanaondoka yamejaa, ya Mwanza, ya Arusha, ya Dar es Salaam, na vigari vidogo vya Bunda, Tarime na Butiama. Watu wetu wanasafiri kuliko huyo mzungu. Ila muulize kila abiria: unakwenda wapi? Msibani. Harusini. Hospitali. Kupeleka mtoto shule. Kufuata mzigo. Kila safari ina sababu, na sababu zenyewe ni mbili tu, shida au fedha. Kwenda mahali ili kupatazama tu, hilo halimo katika hesabu. Anayelifanya tunamwona mvivu, au ana jambo analificha, au amechanganyikiwa.

Sasa hapo ndipo penye ugomvi wangu. Tumeiacha kazi ya kutazama mikononi mwa wengine, tukidhani ni starehe tu. Si starehe tu, ndugu yangu. Anayekuja kutazama ndiye anayekwenda kusimulia, na anayesimulia ndiye anayeamua mahali pale ni nini.

Mnataka ushahidi? Haya. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa letu, upande wa Mwanza, akapanda kilimani, akatazama maji. Hakulizunguka. Hakujua lilianzia wapi wala lilikoishia. Waganda walikuwa wakiliita Nalubaale, Wajaluo wakiliita Nam Lolwe, na makabila mengine kila moja na jina lake. Speke akalipa jina la malkia wake, na mpaka kesho mtoto wa darasa la tatu pale Mwisenge akiandika jina jingine kwenye mtihani anapigwa mkasi. Kama vile hiyo haitoshi, ghuba yote iliyo kati ya Ukerewe na nchi kavu ya kusini inaitwa Ghuba ya Speke. Siku chache za kutazama, zaidi ya miaka 160 ya jina!

Tusogee Serengeti. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakichunga ndani yake walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwaka huo huo Mjerumani Bernhard Grzimek akatoa kitabu na filamu juu ya Serengeti, baada ya yeye na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wakiwa angani ndani ya ndege yao ndogo. Filamu ile ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ikazunguka dunia. Sisemi hifadhi ni mbaya, wala sisemi watu wale hawakuwapenda wanyama. Nasema hivi: tangu hapo ukilitaja jina Serengeti popote duniani, mtu anaona nyumbu wanavuka mto. Haoni Waikoma wala Wanata, ambao nchi ya magharibi ya Serengeti ni nchi ya mababu zao. Toka angani mtu haonekani vizuri. Mnyama anahesabika, mtu na shamba lake na kaburi la babu yake havihesabiki.

Na hayo si ya kale tu. Ukitoka Bunda kuelekea Mwanza, kando ya ziwa, ipo kata ya Nyatwali. Serikali iliamua wakazi wake walipwe fidia wahame, eneo lao liungane na Serengeti ili wanyama wafike kwenye maji ya ziwa. Sababu zilitolewa: kiangazi wanyama wanataka maji, na tembo wamekuwa wakila mazao ya watu hao miaka nenda rudi. Sina nafasi hapa ya kupima fidia. Nawauliza tu ninyi wenzangu wa kalamu, tuliopo mwendo wa saa chache kwa gari: nani kati yetu aliwahi kwenda Nyatwali kabla ya hapo, akakaa hata siku mbili, akaandika mahali pale palivyo? Samaki gani wanavuliwa, mwalo unaamka saa ngapi, wazee wanasimulia nini, mtoto anaogopaje tembo usiku? Hakuna. Mimi pia sikwenda. Siku ikija mtu kuuliza Nyatwali ilikuwa nini, atapewa ramani na orodha ya malipo. Aliyekwenda kutazama alikuwa mpimaji.

Yule mzee wa Uskoti alinichokoza, nikaenda kusoma habari za kwao. Kumbe mabonde yale ya milimani yanayosifiwa kwa ukimya wake, ambayo watu huzunguka kwa magari kuyapiga picha, mengi hayakuwa kimya. Karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi waliwatoa wakulima humo ili wafuge kondoo. Wengine wakasukumwa pwani wakaanze upya, wengine wakapanda meli kwenda Kanada. Mpaka leo kuta za mawe za nyumba zao zipo kwenye majani. Mtalii anapita, anasema, "Lo, upweke mzuri ulioje!" Upweke ule una historia. Lakini wenyewe hawakunyamaza. Waliandika, waliimba kwa lugha yao, walidai, na mwaka 2003 bunge lao likapitisha sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi ile, mradi asiharibu. Mtu wa kwao anatembea nchi yake kwa haki. Sisi tunataka kibali cha nani hata tukapande kilima cha jirani? Cha kicheko cha kijiweni!

Najua mtaniambia serikali inahimiza utalii wa ndani. Naam, nimeyaona mabango. Simba, twiga, familia imenawiri ndani ya gari kubwa lililofunguliwa paa. Ujumbe wake ni kwamba kutalii ni gari la kukodi, lango la hifadhi, na picha ya simba. Kiingilio cha raia si kikubwa ukikilinganisha na cha mgeni, kweli. Lakini hilo gari je? Kijana wa Bweri anayeuza vocha atalipata wapi? Basi anatazama bango, anasema utalii ni mzuri ila si wangu, anarudi kubishana mpira. Bango linalotaka kumwita ndilo linalomfukuza.

Mimi nasema tuanzie pengine. Na sisemi kwa mdomo mtupu, maana baada ya aibu ile tulijaribu.

Tulikuwa wanne. Mjomba wa mwenzetu mmoja ana Probox inayobeba dagaa, akatuazima kwa siku tatu kwa sharti la kurudisha tenki kama tulivyolikuta. Tukachanga elfu arobaini arobaini. Gari linanuka dagaa mpaka kwenye mkanda wa kiti, lakini linakwenda. Tukatoka Bweri asubuhi, Makutano, tukashika njia ya Bunda, tukachepuka Kiabakari kwenda Butiama.

Nitaungama tena: umri wangu wote sikuwa nimefika Butiama, na mimi ndiye ninayelia Mwalimu, Mwalimu, katika kila shairi la Oktoba. Makumbusho ipo toka mwaka 1999, kaburi lipo Mwitongo, na mawe makubwa yale yapo tangu dunia iumbwe. Kaka mmoja mwenyeji alituonyesha upande wa njia ya Musoma. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba mtoto Kambarage alitembea kama maili 26 kwenda shule Mwisenge. Darasani lilikuwa swali la kujaza nafasi. Pale juu ya jiwe, ukiona nchi inavyoteremka kuelekea ziwani ambalo hata halionekani, ndipo unajua maili 26 ni nini kwa miguu ya mtoto. Hilo hakuna mwalimu aliyenipa, na silaumu mwalimu. Halifundishiki ubaoni.

Msomaji mjanja atanikamata hapa: Mwalimu huyo huyo si ndiye aliyesema, nchi inapata uhuru, kwamba yeye hana hamu ya kumaliza likizo yake akitazama mamba? Ndiye, na alisema hivyo huku akiunga mkono wanyama walindwe, maana aliona wataiingizia nchi fedha. Sawa. Lakini huyo alikuwa mtu aliyeijua nchi yake kwa nyayo, toka Butiama mpaka vijiji vilivyokuwa havina barabara. Wewe usiyetaka mamba na usiyeijua hata Kiabakari, usijifiche nyuma yake.

Tukarudi barabara kuu, Bunda, kisha tukashika njia ya Bulamba na Kibara hadi Kisorya kwenye kivuko. Pale kwenye foleni bibi mmoja mwenye kikapu akatutazama, vijana wanne, hatuna mzigo.

"Wajukuu zangu, poleni. Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mnaoa?"

"Hapana bibi. Tunatembea tu."

"Mnatembea tu!" Akatugeukia vizuri. "Na mafuta ya gari mmenunua kwa hela?"

Watu wote wakacheka, na sisi tukacheka. Lakini kivuko kilipoondoka bibi yule yule akaja kusimama nasi, akaanza kutuonyesha: kile kisiwa kinaitwa hivi, pale palizama mtumbwi mwaka fulani, upepo huu ukianza saa tisa wavuvi hawatoki. Nusu saa tukapata elimu ambayo sijaikuta katika kitabu chochote. Alikuwa nayo siku zote. Hajawahi kuulizwa, kwa sababu wanaovuka pale wote wana haraka ya msiba.

Mwingine atasema: kijana, wenzako maji hayo wanayavuka kwa roho mkononi, wewe unaleta habari za starehe? Ni neno zito, nami silikwepi. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, kati ya Bugorora na Bwisya. Ilitengenezwa kwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Ilikuwa siku ya gulio. Na kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Ni hapo hasa ninapokaza neno langu. Ukara haikutajwa magazetini mpaka ikazikwa. Kisiwa kile kina watu wanaolima kwa ustadi, wanaotunza samadi na ng'ombe wa zizini kiasi kwamba wanajiografia wa mbali walikuja kujifunza kwao. Kina jiwe maarufu linalocheza. Kilikuwepo miaka yote hiyo, sisi wa ng'ambo tunakijua kwa ajali. Mahali pasipotazamwa hata kivuko chake hakitazamwi. Laiti wenye kalamu na wenye sauti wangekuwa na mazoea ya kupanda vivuko hivi bila sababu, pengine mmoja angehesabu vichwa mapema akapiga kelele.

Nansio tulilala kwa shangazi wa mwenzetu. Asubuhi tukaanza kumuuliza kila mtu habari za Aniceti Kitereza.

Kama hulijui jina hili na wewe ni mwandishi kijana wa kanda ya ziwa, funika jarida kidogo uone haya, kisha endelea. Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe hadithi kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na wazao wao, akaimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili, na ikachapwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Ndani ya kitabu kile mna Ukerewe nzima: pombe inavyotengenezwa, shamba linavyolimwa, mkwe anavyosalimiwa, dawa inavyotafutwa, mvua inavyongojwa. Mtu huyu hakwenda mbali. Alipatazama kwao kwa utulivu ule ule ambao wazungu wanausafirisha na kuupakia kwenye magari. Speke alitazama siku chache akapata ghuba. Kitereza alitazama maisha yake yote akangoja miaka 35 kuchapwa. Lakini ukitaka kujua watu wa ziwa hili walikuwa nani, utakwenda kwa yupi?

Sasa tazama sisi. Fungueni kurasa za jarida letu hili hili, matoleo yote. Mshairi wa Nyasho anaimba minazi na mawimbi ya bahari ya Hindi, hajawahi kuionja chumvi yake. Wa Bunda anasifia theluji ya Kilimanjaro. Mwandishi wa hadithi wa hapa hapa Bweri, nisimtaje maana ni mimi, anampeleka mhusika wake Kariakoo na Manzese, ambako alipita mara moja akiwa ndani ya basi. Ziwa letu liko wapi? Upepo wa saa tisa uko wapi? Mawe ya Musoma yaliyobebana kama watoto wanaocheza yako wapi? Tunaandika nchi ya redioni, halafu tunashangaa mbona wasomaji wanasinzia.

Sitaki kuwadanganya kwamba safari ile ilikuwa peponi. Tairi lilitutoboka kabla ya Kibara, jeki ikawa mbovu, tukasaidiwa na vijana wa bodaboda waliokataa hata soda. Fedha zilitubana, siku ya tatu tulikula mihogo na maji. Tuligombana nani aendeshe. Na hatukuona simba hata mmoja. Lakini tulirudi Bweri na madaftari yamejaa, na mjomba alipata tenki lake.

Kwa hiyo siwaombi mkodi gari lenye hema. Nani analo? Nawaomba kitu kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: siku moja katika likizo yako, kwa Probox ya dagaa, kwa basi, kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kwa mguu, nenda mahali ambapo hukufiwa, huoi na huuzi. Vuka Kinesi urudi. Tafuta wavuvi wa Lukuba uombe kupanda nao kwa nauli. Kaa, tazama, uliza, kisha andika majina kama wenyeji wanavyoyataja. Wakikucheka, cheka nao, halafu uliza tena.

Na yule mzee wa Uskoti, kama aliliona ziwa siku ile sijui. Akirudi Bweri leo nina jibu. Nitamwambia asogeze mizigo yake kiti cha nyuma, nipande nimwonyeshe mwenyewe.